Rangi Inayongojewa: Sifa ya Ufundi wa Hina Migori na Homa Bay

Miongoni mwa alama ambazo binadamu huziweka juu ya ngozi yake, zipo tatu zinazopaswa kutofautishwa kabla ya lolote jingine kusemwa. Ya kwanza ni chale, yaani mikato midogo ya wembe au kisu inayotiwa ili kovu lake libaki. Ya pili ni tatuu, yaani mchoro wa sindano inayoingiza wino chini ya tabaka la juu la ngozi, mahali ambapo wino huo hukaa mpaka mwenyewe anapozikwa. Na ya tatu ni mchoro wa hina, ambao haukati wala hauchomi, bali huachia rangi ya jani katika ngozi iliyokwisha kufa, kisha huondoka pamoja na ngozi hiyo baada ya wiki mbili au tatu. Chale na tatuu hudai uamuzi wa maisha yote, ilhali hina hudai kitu ambacho watu wengi huona taabu zaidi kukitoa, nacho ni subira ya siku mbili. Ufundi wa hina, kama unavyofanywa leo katika kaunti za Migori na Homa Bay na kama ulivyofanywa kwa karne nyingi katika pwani ya Waswahili, unastahili kusifiwa kwa sababu hiyo hasa: kila hatua yake, tangu kuchagua unga hadi kulitunza ua lililokwisha kuchorwa, ni kungoja kunakoongozwa na maarifa, na madhara mengi yanayolaumiwa kwa hina yameletwa na watu waliokataa kungoja.

Kaunti hizi mbili, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, ziko kandokando ya Ziwa Victoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, na wakazi wake wengi ni Wajaluo, Wakuria na Abasuba walio Wakristo. Kwa hiyo msomaji wa Lamu au Mombasa huenda akashangaa kusikia kwamba hina ina makazi huko. Historia ya ziwa lenyewe inaondoa mshangao huo. Reli iliyotoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, biashara ya meli ilienea katika ghuba, na bandari ndogo kama Kendu Bay na Homa Bay zikapata maduka ya Wahindi pamoja na wachuuzi Waislamu waliokuja na bidhaa, dini na mapambo yao. Kendu Bay ina jumuiya kongwe ya Waislamu, wakiwamo Wajaluo waliosilimu vizazi kadhaa vilivyopita, na Hussein Onyango Obama, babu yake Barack Obama, aliyetoka Kanyadhiang karibu na mji huo, ni mfano unaojulikana duniani wa Mjaluo aliyeipokea dini hiyo. Migori nao ni mji wa njiani, katika barabara kuu iendayo Isebania kwenye mpaka wa Tanzania, na miongoni mwa wanaofanya biashara humo wamo Wasomali, ambao kwao hina huitwa cillaan na ambao harusi yao haikamiliki bila hiyo. Kutoka katika nyumba za Waislamu, katika sikukuu za Idi na mikesha ya harusi, hina imeingia kwenye saluni, na leo mkono unaonyooshwa mbele ya mchoraji unaweza kuwa wa bibi harusi wa madhehebu yoyote, au wa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya anayetaka tu kupendeza.

Mmea unaotoa rangi hiyo ni mhina, kichaka au mti mdogo usiozidi sana mita sita, wenye majani madogo yaliyokaa mawili mawili yakitazamana, na maua madogo meupe au ya rangi ya maziwa ambayo harufu yake hufika mbali wakati wa jioni. Wanasayansi huuita Lawsonia inermis, jina alilolitoa Carl Linnaeus mwaka 1753 kwa kumkumbuka rafiki yake, daktari Isaac Lawson, na wanauweka katika jamaa moja na mkomamanga. Mhina hupenda jua kali na ardhi kavu, ndiyo maana umestawi tangu Afrika ya Kaskazini na Mashariki hadi Arabuni na Bara Hindi, na nchini Kenya huonekana katika nyua za nyumba za pwani na kando ya mito ya msimu katika maeneo makavu. Hata hivyo, unga mwingi unaouzwa madukani huletwa kutoka ng'ambo, hasa India, ambako mji wa Sojat katika jimbo la Rajasthan umejipatia sifa kwa zao hilo. Mnunuzi wa Migori, kwa hiyo, hununua jani lililokwisha kusafiri bahari na nchi kavu, na jambo la kwanza analopaswa kulijua ni umri wa safari hiyo, kwa kuwa hina huzeeka kama majani ya chai yanavyozeeka.

Ndani ya jani kavu, sehemu ndogo tu, ambayo kwa kawaida ni asilimia moja au mbili ya uzito wake, ndiyo inayotia rangi, nayo huitwa losoni kwa kufuata jina la mmea. Jani likiwa zima, rangi hiyo imefungwa pamoja na sukari ya mmea na haiwezi kutoka. Jani likisagwa na kuloweshwa kwa maji yenye uchachu kidogo, kifungo hicho hulegea polepole, na losoni huachiliwa. Ikigusa ngozi, hujishikiza kwenye keratini, yaani protini ngumu ambayo ndiyo hiyo hiyo inayojenga nywele, kucha na kwato, na kwa sababu hiyo hina hukolea pia kwenye kucha na nywele. Hapa ndipo penye tofauti kati ya kutia rangi na kupakwa uchafu. Mkulima wa tumbaku katika Kuria anaujua utomvu wa jani bichi unaoganda vidoleni mwake wakati wa mavuno hadi ukawa mweusi, na kila mama aliyewahi kukata ndizi mbichi anaujua utomvu wa mgomba unavyoharibu kanga. Lakini utomvu wa tumbaku hukaa juu ya ngozi na husugulika, ilhali losoni imefungamana na ngozi yenyewe, na haiwezi kutoka kabla ngozi hiyo haijapukutika. Tena haionyeshi uso wake wote siku ya kwanza: rojo ikibanduliwa, mchoro huwa na rangi ya chungwa iliyopauka, na ni hewa, kwa muda wa saa ishirini na nne hadi arobaini na nane, inayoigeuza iwe nyekundu ya kutu na hatimaye ya kahawia. Anayeuona mkono wake asubuhi ya kwanza akadhani ametapeliwa, ameuhukumu kabla ya wakati wake.

Utengenezaji wa rojo, yaani ule uji mzito wa hina unaochorewa, huanza siku moja kabla ya kuchora. Unga huchekechwa kwa kitambaa chepesi mpaka nyuzi na vijiti vya majani vibaki juu, kwa kuwa uzi mmoja ukiziba tundu la koni hukatiza mstari katikati ya ua. Kisha hutiwa maji ya ndimu, au chai ya rangi iliyopoa, kidogo kidogo, huku ukikorogwa hadi madonge yote yavunjike, na bakuli hufunikwa na kuachwa. Katika joto la Homa Bay, mji uliokaa kando ya maji chini ya vilima, rojo huiva mapema kuliko katika nyanda za baridi za Kisii iliyo jirani, na fundi mzoefu hafuati saa ya ukutani bali hutazama dalili: juu ya ukijani hutanda utando wa kahawia, na tone dogo likiwekwa kiganjani kwa dakika tano kisha likapanguswa huacha doa la chungwa. Ndipo huongezwa sukari, ambayo kwa wakazi wa Awendo penye kiwanda cha miwa haitoki mbali, ili rojo ishike ngozi na isikauke upesi ikapasuka. Na ndipo hutiwa matone machache ya mafuta ya mimea yenye harufu, kama ya mkaratusi au ya lavenda, ambayo huisaidia rangi kukolea. Rojo iliyofaulu hushuka kutoka kijikoni kama utepe usiokatika, ikalala juu ya bakuli kwa kitambo kidogo kabla ya kuzama.

Kutokana na maelezo hayo, sheria za kuchagua hina hujitokeza zenyewe, wala hazihitaji elimu ya maabara. Unga mzuri una rangi ya kijani iliyokolea au ya majani yaliyokauka kivulini, na harufu yake ni ya nyasi kavu na chai. Unga uliogeuka kahawia umechoka, na unga mweusi si wa mhina. Rojo iliyotengenezwa nyumbani kwa jani, ndimu, sukari na mafuta huharibika ndani ya siku chache isipowekwa kwenye friji, kwa hiyo koni iliyokaa miezi kadhaa katika dirisha la duka lenye jua na bado ikawa inatoa rangi kali, imetiwa kitu kingine cha kuitunza. Koni inayonuka mafuta ya taa au dawa ya nywele haifai kuwekwa mwilini, hata kama kasha lake limechorwa maua na kuandikwa kwamba ni ya asili. Kigezo kilicho bora kuliko vyote, hata hivyo, ni muda: hina ya kweli hutaka saa sita hadi nane juu ya ngozi ili ikolee vizuri, na yeyote anayeahidi weusi wa makaa ndani ya nusu saa, anauza kitu ambacho mhina haujawahi kuwa nacho.

Kitu hicho kina jina, na jina lake linafaa kujulikana na kila msichana wa Migori kama anavyolijua jina la sabuni yake. Waswahili wa pwani huita piko ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, hasa ile inayochorwa pamoja na hina nyekundu ili kuitenga mistari yake, na siku hizi piko mara nyingi hutengenezwa kwa unga wa kutia nywele weusi wenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini. Kemikali hiyo imekubalika katika rangi za nywele kwa masharti. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kiwango chake hakiruhusiwi kuzidi asilimia mbili rangi inapotiwa kichwani, na hairuhusiwi kabisa kupakwa kwenye ngozi. Mtu akiuchanganya unga huo na maji akauchora mkononi, hana kipimo, na kiwango kinachoigusa ngozi kinaweza kupita mpaka huo mara nyingi. Matokeo yake huweza kuonekana baada ya siku moja au baada ya wiki moja na zaidi: ngozi huwasha, ikavimba, ikatoa malengelenge yanayofuata mstari wa mchoro bila kukosea, na ua lililokusudiwa kuwa la furaha likabaki kuwa kovu au baka jeupe. Jambo zito zaidi ni kwamba mwili ukishaikataa kemikali hiyo mara moja, huikataa maisha yote, hivi kwamba mwanamke aliyechorwa piko akiwa na miaka kumi na minne anaweza, miaka ishirini baadaye, kutia rangi nywele zake na kuamka uso ukiwa umevimba. Chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kiliitangaza kemikali hiyo kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2006, kwa nia ya kuwazindua madaktari na umma. Kuuita mchanganyiko huo hina nyeusi ni kuusingizia mmea usio na hatia.

Lakini haki inadai isemwe pia kwamba hata hina safi ina mtu isiyepatana naye, na mtu huyo hupatikana hasa katika nchi ya ziwa. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, yaani protini inayozilinda chembe nyekundu za damu zisichakazwe na kemikali fulani. Upungufu huo umeenea zaidi pale ambapo malaria imekaa na watu kwa vizazi vingi, kwa sababu huwapa baadhi ya wanaourithi kinga fulani dhidi ya ugonjwa huo, kama ilivyo kwa selimundu. Homa Bay na Migori zimo katika ukanda wa malaria ya kudumu wa ziwa, na kwa hiyo upungufu huo si jambo geni huko. Losoni ikipenya katika mwili wa mtoto mchanga mwenye upungufu huo, hasa anapopakwa sehemu kubwa ya mwili, inaweza kuvunja chembe za damu yake kwa wingi akapungukiwa damu na kupatwa na manjano kwa ghafla, na visa vya namna hiyo vimeandikwa na madaktari katika nchi kadhaa ambako watoto hupakwa hina kama baraka. Kanuni inayofuata ni fupi: mtoto mchanga asipakwe hina, hata ya jani tupu, na mtu mzima anayejua kwamba ana upungufu huo aache pambo hili kwa wengine bila kuona kwamba amenyimwa.

Baada ya kuchagua unga huja kuchagua mahali na mchoro, na hapa ufundi hukutana na tabia ya ngozi. Kiganja na wayo hukolea kuliko sehemu nyingine zote, kwa kuwa tabaka la ngozi iliyokufa ni nene pale na lina keratini nyingi ya kuishika rangi. Mgongo wa mkono na kifundo cha mguu huja na rangi ya wastani. Na kadiri mchoro unavyopanda kuelekea bega au mgongo ndivyo unavyopauka. Wahenga wa pwani nao waliithamini hina. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, katika utenzi aliomtungia bintiye katikati ya karne ya 19, alipomtajia mapambo ya mke hakuisahau hina. Yule anayetaka mchoro utakaodumu, basi, na apewe kiganja au wayo, na yule anayetaka mchoro utakaoonekana bila kuuficha katika ngumi, apewe mgongo wa mkono, akijua kwamba amebadilishana wekundu kwa kuonekana.

Kuhusu mchoro wenyewe, mafundi wa bara wameirithi mikondo miwili mikubwa ya nakshi: ule mtindo wa Kihindi unaojaza mkono mzima kwa vijani, vitone na umbo lile ambalo wavaaji wa kanga huliita korosho, na ule mtindo wa Kiarabu wenye maua makubwa yanayotambaa kutoka kidole hadi kifundo na kuiacha ngozi ipumue kati yake. Urithi huo ni mwema, lakini nchi ya ziwa ina nakshi zake ambazo hazijachorwa vya kutosha mikononi mwa watu wake. Katika kisiwa cha Mfangano, kwenye mapango ya Mawanga na Kwitone, ipo michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe, miduara ndani ya miduara na mizunguko inayofanana na mawimbi ya jiwe lililotupwa majini, ambayo wenyeji huihusisha na wawindaji Watwa waliokaa huko kabla ya Abasuba. Wafinyanzi wanawake wa Kijaluo nao hubiringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi wa chungu ili iache safu za alama ndogondogo shingoni mwa chombo, na safu hizo, zikihamishiwa kwenye kifundo cha mkono kwa ncha ya koni, huwa bangili ambayo haikuigwa kutoka Rajasthan wala Arabuni. Fundi atakayezisoma alama hizo kwa heshima, akikumbuka kwamba mapango ya Mfangano ni mahali patakatifu kwa wenyewe, atakuwa ameipa hina uraia wa ziwa.

Mkono unaochora ndio unaoamua kama maarifa haya yote yatakuwa pambo au doa. Zamani wachoraji walitumia kijiti, au chelewa, yaani ule uti mwembamba wa kuti la mnazi, wakichovya na kuivuta rojo nukta kwa nukta. Leo wengi hutumia koni ya karatasi ya nailoni iliyokunjwa na kukatwa ncha kwa tundu dogo kama jicho la sindano. Mchoraji aliyekomaa hagusi ngozi kwa ncha hiyo, bali huiacha rojo idondoke juu yake kama uzi unaolazwa. Anapochora petali, hubana koni kwa nguvu penye tumbo la petali, hulegeza vidole akikaribia ncha, kisha huacha kabisa kubana kabla hajainua mkono, kwa maana mstari unaoinuliwa ukiwa bado unabanwa huacha mkia. Mkono wake wa pili humshikilia mchorwaji kidole kimoja kimoja, na macho yake hayapo kwenye mstari anaouchora sasa bali mahali utakapoishia. Anayemtazama fundi wa namna hiyo akifanya kazi kwenye benchi la saluni, huku pikipiki zikipiga honi barabarani, huona utulivu unaohesabika kama sehemu ya malipo.

Utulivu huo pia unapaswa kuenea katika mazungumzo kabla ya kazi. Karibu na Kendu Bay kipo kilima cha Gendia, ambako Waadventista Wasabato, wakiongozwa na Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo kutoka Nyasaland, nchi iitwayo Malawi leo, walifungua mwaka 1906 misheni yao ya kwanza nchini Kenya, na mafundisho yao ya kujipamba kwa kiasi yameingia ndani ya maisha ya familia nyingi za eneo hilo. Na si mbali kutoka hapo ipo misikiti ambayo waumini wake hupaka hina siku ya Idi kwa furaha. Watu hawa wameishi jirani kwa zaidi ya karne moja, wakinunua samaki kwa mwanamke mmoja na kuzikana. Fundi mwadilifu hawatanii wala hawashawishi. Humwuliza mteja kama kanisa lake, kazi yake au shule yake itamruhusu kuwa na ua mkononi kwa wiki tatu zijazo, na humkumbusha mwanafunzi wa sekondari kwamba hina iliyochorwa wiki ya mwisho ya likizo itaripoti shuleni pamoja naye. Pambo linaloleta ugomvi nyumbani limeshindwa kabla halijakauka.

Baada ya mchoraji kumaliza, nusu ya ufundi inabaki mikononi mwa aliyechorwa. Rojo ikianza kukauka hulowanishwa taratibu kwa pamba iliyochovywa maji ya ndimu yenye sukari, ili isipukutike mapema, na mwili huwekwa katika joto, kwa sababu ngozi baridi hupokea rangi kwa uvivu. Waliozoea hulala na mkono uliofunikwa kwa kitambaa safi. Wakati wa kuiondoa ukifika, rojo haioshwi kwa maji, bali hukwanguliwa kwa kisu butu au kwa kucha, na maji huepukwa kwa saa kumi na mbili zaidi, au siku nzima ikiwezekana, ili hewa ifanye kazi yake bila kuingiliwa. Mafuta ya nazi au ya ufuta yakipakwa juu ya mchoro kabla ya kuoga huukinga, ilhali sabuni kali, dawa ya kuondoa madoa na kusugua kwa jiwe huuondoa kabla ya siku zake.

Kanuni hizi zina ugumu wake mahususi katika nchi ya ziwa, ambako mkono wa mwanamke ni chombo cha kazi. Anayeosha na kuanika omena ufukweni tangu alfajiri, anayepara magamba ya ngege, anayefua nguo kando ya maji au anayepalilia mahindi, hana siku nzima ya kuukalisha mkono wake, na ua la kiganjani litakwisha kwenye vidole vinavyosuguana na kazi kabla ya kwisha katikati. Mwanamke wa namna hiyo hafai kuambiwa kwamba hina si yake. Anafaa kushauriwa achague kifundo cha mguu au sehemu ya mkono iliyo juu ya kiwiko, achorwe jioni ya siku anayopumzika, na alale na rojo yake. Hapo asubuhi atakwangua, atapaka mafuta, na atarudi kwenye kazi yake akiwa amevaa kitu ambacho hakuna anayeweza kumwibia.

Mwezi wa Desemba 2024, katika kikao kilichofanyika Asunción, Paraguay, UNESCO iliingiza desturi za hina katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la pamoja la nchi 16 za Kiarabu, zikiwamo Sudan, Yemen na Oman. Kenya haikuwa miongoni mwa walioomba, wala Tanzania, ingawa majahazi yaliyounganisha Oman na Yemen na pwani ya Waswahili yalibeba hina kama yalivyobeba tende na ubani. Cheti cha namna hiyo ni heshima, na huenda siku moja Afrika Mashariki ikadai sehemu yake. Lakini ufundi huhifadhiwa na mikono inayoufanya kwa ukweli, na mkono wa Migori unaokataa kuuza piko kwa mteja mwenye haraka umeihifadhi hina zaidi ya kabati la makumbusho.

Sifa ya mwisho ya hina ni jinsi inavyoaga. Mchoro huanza kufifia pembezoni, ukapauka kuelekea rangi ya chungwa ulikoanzia, na hatimaye kiganja hurudi kuwa kiganja, bila kovu na bila deni. Bibi harusi aliyeolewa akiwa na mikono myekundu huiona rangi hiyo ikimtoka wakati nyumba mpya inapozoeleka, na akiitaka tena huirudia kwa hiari yake. Kwa hiyo kila anayenyoosha mkono mbele ya mchoraji, iwe Homa Bay mjini, Kendu Bay, Rongo au Migori, na aulize rojo imetengenezwa kwa vitu gani na ilikorogwa lini, na akiambiwa kwamba itakuwa nyeusi kabla hajainuka kwenye kiti, aukunje mkono wake aondoke. Jani la mhina halina weusi wa kumpa mtu; lina wekundu tu, nao huchukua siku mbili.